Ngazi ya rezista, mikondo au sigma-delta: kigeuzi kipi kwa chipu ya transmita?

Tangu mwaka 2020, Google na kiwanda cha chipu cha SkyWater walipofungua kwa umma kanuni za uchoraji wa mchakato wa kutengeneza chipu wa SKY130, ambao ni wa nanomita 130, kijana aliyeko Tengeru au Njiro, huko Arusha, anaweza kupanga saketi yake kwa Xschem, kuipima kwenye kompyuta kwa ngspice na kuchora tabaka za silikoni kwa Magic au KLayout bila kulipia leseni yoyote. Kinachomkwamisha siku hizi si programu bali uamuzi. Transmita inaanza na namba na inaishia na mawimbi, na katikati yake kuna kigeuzi kinachozitoa namba hizo kwenye ulimwengu wa kidijitali na kuzifanya voltiji au mkondo. Akikosea kukichagua, hakuna kikuza nguvu wala antena itakayomsaidia.

Ulinganisho huu unahusu aina tatu ambazo mbunifu mwenye mchakato wa namna hiyo anaweza kuzijenga kweli. Ya kwanza ni ngazi ya rezista, maarufu kwa jina la R-2R, yenye rezista za thamani mbili tu, moja ikiwa maradufu ya nyingine, ambapo kila biti huunganisha kipandio chake ama kwenye voltiji ya rejea ama kwenye ethi. Ya pili ni kigeuzi cha mikondo: vyanzo vingi vya mkondo hubaki vimewaka muda wote, na swichi huuelekeza mkondo wa kila chanzo upande mmoja au mwingine wa matokeo. Ya tatu ni sigma-delta, ambayo hugeuza namba yenye biti nyingi kuwa mfululizo wa kasi wa biti moja au chache, kisha kichujio kikauchota wastani wa mfululizo huo. Ipo pia aina ya kugawanya chaji kwenye kapasita, inayong'ara zaidi upande wa upokeaji. Nimeiacha kwa sababu mchoraji anayeanza na transmita hataifikiria kwanza.

Kabla ya yote, jiulize kama kigeuzi kinahitajika. Ishara ya FM na ishara za kubadili masafa pekee zina ukubwa usiobadilika, na mara nyingi hutengenezwa kwa kuyasukuma masafa ya saketi inayozalisha mawimbi yenyewe, bila kigeuzi cha ukubwa hata kimoja. Ikiwa kazi yako ni hiyo, umeokoa miezi.

Vigezo, na kimoja kinachozidi vingine

Vigezo ninavyovitumia ni upana wa masafa unaotakiwa, ulinganifu wa vipande vya silikoni na eneo linalohitajika, mahali uchafu wa ishara unapoangukia, ukali wa saa (mapigo yanayoongoza hatua za saketi) na kichujio, matumizi ya umeme, na uwezekano wa kuipima chipu ikirudi. Idadi ya biti sikuiweka, ingawa ndiyo swali la kwanza la karibu kila mtu. Kanuni ya desibeli 6.02 kwa kila biti, ukijumlisha 1.76, inakupa desibeli 62 kwa biti 10, lakini hesabu hiyo ni ya wimbi laini la sini lililojaza kigeuzi chote. Ishara ya simu za kizazi cha nne ina vilele vinavyoweza kuuzidi wastani wake kwa desibeli 12 hivi, wakati sini huuzidi kwa 3 tu. Ukiacha nafasi kwa ajili ya vilele hivyo, unapoteza desibeli 9, na biti 10 zinakuwa na thamani ya desibeli 53.

Jambo lililo nyuma ya takwimu hizo ndilo linalopaswa kuongoza uchaguzi. Viwango vya LTE, yaani vya simu hizo za kizazi cha nne, vinairuhusu ishara yenye mpangilio wa pointi 64 kuwa na kosa la asilimia 8, yaani usafi wa desibeli 22 hivi ndani ya chaneli yake, kiasi ambacho hata kigeuzi hafifu kinakifikia. Viwango hivyo hivyo vinautaka mnara uhakikishe kwamba nguvu inayovuja kwenye chaneli ya jirani iko chini kwa desibeli 45. Msikilizaji wako anavumilia. Asiyevumilia ni jirani yako. Kwa hiyo, aina hizi tatu hazitofautiani sana kwa wingi wa uchafu zinaoutoa, bali kwa mahali zinapoutupa, kama watu watatu wanaofagia uwanja mmoja, kila mmoja akiwa na upande wake wa kusukumia takataka.

Nitatumia mifano miwili hadi mwisho. Mmoja ni redio ya sauti ya kidijitali kama zile ambazo madereva wa magari ya watalii hupeana habari za njiani, yenye chaneli ya kilohezi 12.5. Wa pili ni kiungo cha intaneti chenye chaneli ya megahezi 20, tuseme kati ya mlima wa Arusha na paa la jengo huko Moshi.

Upana wa masafa

Kigeuzi cha mikondo hapa hakina mpinzani. Mkondo hauwashwi wala kuzimwa, unahamishwa tu, na matokeo yake yanaingia moja kwa moja kwenye mzigo mdogo, mara nyingi wa omu 50 au 25, kiasi kwamba kapasita za nyaya hazipati muda wa kukichelewesha. Sampuli mamia ya milioni kwa sekunde zinawezekana kwenye nanomita 130, na kwenye michakato midogo zaidi aina hiyo hiyo huzalisha mawimbi ya redio moja kwa moja, bila saketi ya kupandisha masafa.

Ngazi ya rezista inafungwa na hesabu nyepesi. Ukichukua R ya kiloomu 5 na kapasita ya pikofaradi 1 kwenye matokeo, muda wa msingi ni nanosekunde 5. Ili kutulia ndani ya nusu ya hatua moja kwa biti 10 unahitaji muda huo mara 7.6, yaani nanosekunde 38, ambazo ni kama sampuli milioni 26 kwa sekunde. Hiyo inatosha sana kwa redio ya sauti. Kwa megahezi 20, ambako kasi ya kawaida ya LTE ni sampuli milioni 30.72 kwa sekunde, umeshachelewa.

Sigma-delta inategemea mara ngapi saa yake inaizidi kasi ya chini inayohitajika. Chaneli ya kilohezi 12.5 inachukua kilohezi 6.25 kila upande wa katikati, hivyo saa ya megahezi 6.4 inakupa uwiano wa 512, ambao ni anasa tupu. Chaneli ya megahezi 20 kwa uwiano wa 32 inataka saa ya megahezi 640, na katika nanomita 130 kitanzi cha hesabu kinachopaswa kukamilika ndani ya kila pigo la saa hiyo kitakutoa jasho.

Ulinganifu na eneo la silikoni

Hakuna transista mbili zinazotoka kiwandani zikiwa pacha kamili. Kanuni iliyochapishwa na Pelgrom na wenzake mwaka 1989 inasema kwamba tofauti kati ya vipande viwili vinavyopaswa kufanana hupungua kwa kipeuo cha pili cha eneo lake: ukitaka tofauti iwe nusu, eneo liwe mara nne. Kanuni hiyo fupi ndiyo inayoamua ukubwa wa chipu yako kuliko kitu kingine chochote.

Tuiangalie kwenye mikondo. Ili kigeuzi cha biti 10 kipite mtihani wa unyoofu kwa karibu chipu zote zinazotoka kiwandani, kila chanzo cha mkondo kinapaswa kuwa na tofauti ya nasibu isiyozidi asilimia 0.52 hivi, kwa biti 12 ni asilimia 0.26. Tofauti imekuwa nusu, kwa hiyo kila chanzo kinahitaji eneo mara nne, na idadi ya vyanzo nayo imeongezeka mara nne. Biti mbili tu zimekugharimu silikoni mara kumi na sita. Anayesema “tuongeze biti mbili kwa usalama” hajawahi kulipia eneo hilo.

Hapo panakuja suala la kugawa biti. Ukiipa kila biti chanzo kilicho maradufu ya kilichotangulia, swichi ni chache, lakini katikati ya safari, pale chanzo kikubwa kinapoelekezwa kwenye matokeo na vyote vidogo kuondolewa kwa pamoja, unapata mshtuko mkubwa. Ukitumia msimbo wa themometa, ambapo kila hatua inaongeza chanzo kimoja zaidi kwenye matokeo bila kuondoa chochote, mshtuko unatoweka, ila biti 12 zinadai vyanzo 4,095 na waya za kuviendesha vyote. Wachoraji wengi huchanganya: biti sita za juu kwa themometa, ambazo ni vyanzo 63, na sita za chini kwa maradufu. Kisha vyanzo hivyo hutawanywa kwenye mraba kwa mpangilio unaojizunguka kituo kimoja, ili mteremko wa joto au wa unene wa tabaka kutoka kona hadi kona usiegemee upande mmoja. Kazi hiyo ya kutawanya inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayokula wiki.

Ngazi ya rezista ina vipande vichache, takriban rezista tatu za aina moja kwa kila biti ukiunda 2R kwa kuunganisha mbili, na ni rahisi kuichora. Mtego wake ni swichi. Swichi ya biti ya juu iko mfululizo na 2R, na kwa biti 10 kosa la tawi hilo halipaswi kuzidi sehemu moja kwa elfu. Ukishusha R hadi kiloomu 1 ili upate kasi, 2R ni omu 2,000 na sehemu moja kwa elfu ni omu 2; hakikisha transista inayovuta kwenye rejea na ile inayovuta kwenye ethi zinatofautiana kwa chini ya hapo, katika joto la mchana na baridi ya usiku. Kasi na usahihi zinavutana kamba, na mbunifu yuko katikati.

Sigma-delta ya biti moja inaukwepa mjadala huu wote. Ina viwango viwili tu, na pointi mbili siku zote huunganishwa na mstari mnyoofu. Sehemu kubwa ya saketi yake ni ya kidijitali, haijali ulinganifu, na inazidi kuwa ndogo kadiri mchakato unavyokuwa mdogo.

Uchafu unaangukia wapi

Ngazi ya rezista inautupa mlangoni pake yenyewe. Kosa la biti ya juu linazaa hatua isiyo sawa katikati ya safari, na ishara ndogo inayochezea hapo katikati, kama sauti ya mtu anayenong'ona, inachafuka kwa uwiano mkubwa kuliko ishara kubwa. Matokeo yake ni haramoniki, yaani mawimbi ya ziada kwenye vizidisho vya masafa ya ishara, karibu na ishara, ambako hakuna kichujio kinachoweza kuzitoa. Zaidi ya hapo, rezista zenyewe zina kelele ya joto: kiloomu 1 ni takriban nanovolti 4 kwa kila kipeuo cha pili cha hezi, na kiloomu 10 karibu 13. Kikuza kinachowekwa baada yake ili kuendesha mzigo mdogo kinaongeza upotoshaji wake.

Kigeuzi cha mikondo ni kisafi katika masafa ya chini na huchafuka kadiri unavyopanda. Sababu ni kwamba chanzo cha mkondo kinapaswa kuonekana na mzigo kama ukuta usiotikisika, lakini kapasita kwenye kiungo cha swichi huushusha ukuta huo kila masafa yanapoongezeka, na idadi ya vyanzo vilivyounganishwa upande mmoja inabadilika pamoja na ishara. Ishara inajichafua yenyewe. Transista ya pili iliyopandishwa juu ya chanzo inasaidia, na ishara za kuendesha swichi zinapaswa kupishana kwa namna ambayo swichi mbili hazizimi kamwe kwa wakati mmoja, kwani zikizima zote, kiungo kinaporomoka na kila badiliko linaacha mkwaruzo. Ipo pia mbinu ya kuchagua vyanzo kwa zamu au kwa bahati nasibu, ambayo haiondoi makosa ya ulinganifu bali huyasaga kuwa kelele iliyotandazwa kotekote. Kwa jirani mwenye chaneli nyembamba, vumbi la kusambaa ni afadhali kuliko jiwe moja lililoangukia uwanjani pake.

Sigma-delta hufagia kwake vizuri kuliko wote na kusukuma takataka hadi uani kwa jirani. Ya daraja la pili, yaani yenye hatua mbili za kusukuma kelele, hupata desibeli 15 kila uwiano wa saa unapoongezwa maradufu, na kwa uwiano wa 512 hesabu ya nadharia inapita desibeli 100, ikimaanisha kwamba kelele nyingine zote za transmita zitaonekana kwanza. Lakini kelele iliyosukumwa haikufutwa. Iko palepale nje ya chaneli, inapanda kwa kasi, na isipozuiwa na kichujio, kikuza nguvu kitaitangaza. Hapo ndipo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, inayothibitisha vifaa vya redio kabla havijatumika nchini, itakapokuwa na neno nawe, hata kama sauti yako inasikika kama kengele.

Saa na kichujio

Aina zote tatu hushikilia thamani moja hadi pigo linalofuata, na ushikiliaji huo unapunguza ishara kwa desibeli 0.9 kwenye robo ya kasi ya sampuli na karibu 3.9 kwenye nusu yake. Pia unaacha nakala za ishara kuzunguka kasi hiyo. LTE ya megahezi 20 inajaza megahezi 9 kila upande. Kwa sampuli milioni 30.72, nakala ya kwanza inaanza kwenye megahezi 21.72, na kichujio kinapaswa kuanguka kwa ukali katika nafasi hiyo finyu. Ongeza sampuli mara nane kwa hesabu za kidijitali, ufike milioni 245.76, na nakala inakimbilia megahezi 236.76, ambako kichujio cha kawaida kinaishughulikia bila taabu. Kigeuzi cha mikondo kinaweza kasi hiyo; ngazi haiwezi.

Mtetemo wa saa, yaani mapigo yake kuwahi au kuchelewa kidogo, unaziumiza kwa viwango tofauti. Kwa wimbi la megahezi 10, mtetemo wa pikosekunde 10 unakuwekea dari ya desibeli 64, na wa pikosekunde 1 dari ya 84. Hiyo ni kwa ngazi na mikondo. Sigma-delta ya biti moja huruka kutoka chini kabisa hadi juu kabisa karibu kila pigo, kwa hiyo mtetemo uleule unagusa miruko mikubwa na kuirudisha ndani ya chaneli kelele iliyokuwa imefukuzwa. Aidha, ikiwa kupanda kwa pigo hakulingani na kushuka kwake, ule mstari mnyoofu uliosifiwa hapo juu unapinda. Dawa mojawapo ni kuichelewesha biti hiyo kwa hatua kadhaa na kuiwezesha kila hatua kuendesha chanzo chake kidogo cha mkondo, ili kichujio na kigeuzi viwe kitu kimoja. Binafsi naiona kama suluhu iliyo nzuri kuliko umaarufu wake.

Umeme

Vyanzo vya mikondo hunywa umeme hata redio ikiwa kimya. Miliampea 20, kiwango cha kawaida cha vigeuzi vinavyouzwa, zinaimaliza betri ya miliampea-saa 2,500 kwa siku tano hivi, ingawa unaweza kuvizima kati ya matangazo au kushusha mkondo kama mzigo uko ndani ya chipu. Ngazi yenye kiloomu kadhaa ni nyepesi, usisahau tu kikuza chake. Sigma-delta kwa saa ya megahezi chache ni nafuu sana. Kwa mamia ya megahezi si nafuu tena.

Kuipima chipu ikirudi

Hapa nchini hakuna kiwanda kinachotengeneza silikoni, hivyo mchoro unasafiri nje na chipu inarudi baada ya miezi. Kifaa cha bei nafuu kinachopatikana kwa wengi, kipokezi cha redio cha USB chenye biti 8, kina upeo wa desibeli 50 hivi na hakiwezi kuonyesha doa lililo chini kwa desibeli 70. Ngazi na sigma-delta za masafa ya sauti zinaweza kupimwa kwa kadi nzuri ya sauti ya biti 24, na kwa mtu aliye mbali na maabara kubwa hilo ni faraja ya kweli. Kigeuzi cha mikondo cha mamia ya megahezi kinadai kichanganuzi cha wigo, bodi iliyochorwa kwa uangalifu na jenereta ya saa iliyo safi kuliko chipu yenyewe. Panga mahali pa kupimia kabla hujatuma mchoro.

Kwa hali yako

Ikiwa unatengeneza redio ya sauti au kifaa cha kutuma vipimo vya mvua na unyevu kutoka mashamba ya kahawa ya Kibosho, chaneli ikiwa ya makumi ya kilohezi na betri ikiwa ndogo, sigma-delta ya daraja la pili itakufaa, mradi utenge nafasi ya kichujio na ukague chaneli za pembeni tangu siku ya kwanza.

Ikiwa ni chipu yako ya kwanza kabisa, ya kujifunzia au ya mradi wa chuo, na biti 8 zinatosha, ngazi ya rezista itakufundisha ulinganifu, swichi na kelele ya joto ndani ya muhula mmoja, na ikifeli utajua ni wapi. Inafaa pia kwa kazi za pembeni za transmita, kama kuweka kiwango cha nguvu au kurekebisha voltiji ya kikuza, ambako kasi si hoja.

Ikiwa chaneli ni ya megahezi kadhaa au zaidi na jirani analindwa kwa desibeli 45, jenga kigeuzi cha mikondo, biti 10 kabla ya 12, ukiongeza sampuli kidijitali badala ya kuhangaika na kichujio kikali. Pima usafi wake kwenye ukingo wa juu wa chaneli, kwa sababu tarakimu nzuri za kilohezi 100 hazisemi lolote kuhusu megahezi 9.

Na kama uko kati, chaneli ya kilohezi 200 hadi megahezi 1, aina mbili za mwisho zote zinawezekana. Hapo ningetazama timu kabla ya saketi: mwenye ujuzi wa hesabu za kidijitali na mchoraji mmoja tu wa analogia aende na sigma-delta ya biti chache, mwenye wachoraji wawili wavumilivu, na kichanganuzi cha wigo cha kuazima, aende na mikondo.